Shajara ya mradi: magari adimu kwenye njia za kila siku

Januari

Mradi unaanza na sharti moja: gari linikute kwenye shughuli zangu, mimi nisilifuate. Maonyesho ya magari hayahesabiki, makumbusho hayahesabiki, na gari lililofungiwa nyuma ya kioo cha duka la kifahari huku limemulikwa taa kila upande halihesabiki hata kidogo. Ninayoyataka ni yale yanayokatiza foleni asubuhi, yaliyoegeshwa nje ya hospitali, yaliyobebeshwa godoro juu ya paa. Gari ambalo mwenyewe anakwenda nalo kazini.

Kabla ya kuandika gari lolote ilibidi niamue adimu ni lipi. Ukimwambia mtu "gari adimu" anawaza Ferrari. Haya, tuichukue Ferrari F40: ilitengenezwa kuanzia 1987 hadi 1992, zikatoka 1,300 na ushei. Ni chache, hilo halina ubishi. Lakini kila aliye nayo anajua alicho nacho. Ameifungia ndani, ameikatia bima, na ikipata ajali itajengwa upya hata kama kilichobaki ni kipande cha chesi. Wakati huohuo kuna magari yaliyotoka kiwandani kwa mamilioni, yakaendeshwa mpaka pumzi ya mwisho, yakauzwa chuma chakavu kwa kilo, na leo unaweza kumaliza mwaka hujaliona hata moja. Hayakutunzwa kwa sababu hakuna aliyedhani yangekwisha.

Mengine yaliuawa kwa makusudi. Mwaka 2009 serikali ya Marekani iliwalipa watu wasalimishe magari yanayokunywa mafuta ili wanunue mapya. Ndani ya miezi michache yalisalimishwa karibu 680,000. Sharti lilikuwa injini isitumike tena: oili inamwagwa, mahali pake panamiminwa sodiamu silikati, injini inaungurumishwa hadi inakwama moja kwa moja. Nani atajua mle ndani yalipotea mangapi ambayo leo tungeyasimamia tuyatazame? Na kabla ya hapo kulikuwa na EV1, gari la umeme la General Motors, lililotengenezwa 1,117 kati ya 1996 na 1999. Halikuuzwa, lilikodishwa tu. Kampuni ilipoamua basi, ikayakusanya na kuyaponda karibu yote.

Kwa hiyo daftari langu lina makundi matatu. Adimu kwa kuzaliwa: yalitengenezwa machache. Adimu kwa kufa: yalikuwa mengi, yamekwisha. Adimu kwa mahali: kwingine yamejaa, hapa ni kioja. Hili la tatu ndilo gumu, maana linabadilika ukivuka mpaka. Toyota Crown kwa Japani ni gari la mzee mstaafu na la dereva teksi. Huko Marekani, Crown iliondoka sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970 na haikurudi hadi 2022. Hata sheria inaingia humu. Marekani hairuhusu kirahisi gari lisilokidhi viwango vyake vya usalama mpaka litimize miaka 25, ndiyo maana Nissan Skyline GT-R R34, iliyoanza kuuzwa Japani Januari 1999, ilianza kuingia huko kihalali mwaka 2024. Kuna gari lililokuwa adimu kwa tarehe ya kuzaliwa tu.

Februari

Mwezi wa kupanga zana. Nilijaribu kuandika kwenye simu, nikarudi kwenye daftari dogo la mfukoni, kwa kuwa simu ukiitoa unajikuta unajibu ujumbe na gari limeshakunja kona.

Kila ingizo lina tarehe, gari lilikuwa likifanya nini (limeegeshwa, liko foleni, linavutwa), aina, miaka ninayokisia, kundi, na safu ya mwisho ambayo nimeiita "ushahidi". Hiyo ndiyo safu ninayoijali. Haitoshi kuandika "nimeona Fiat Multipla ya zamani". Ushahidi: mbele watu watatu kwa mstari mmoja, na chini ya kioo cha mbele ule uvimbe wenye taa ndogo mbili, kana kwamba boneti ya gari moja imewekewa kichwa cha gari jingine. Uvimbe huo uliondolewa 2004 gari lilipobadilishwa sura, kwa hiyo taa hizo mbili peke yake zinanipa miaka: 1998 hadi 2004. Watu waliicheka sana Multipla. Mimi naona ni moja ya magari machache ya familia yaliyochorwa na mtu aliyewahi kusafiri na familia: viti sita, safu mbili, na gari bado fupi kuliko stesheni wagoni nyingi.

Kila ingizo linapata alama, "hakika" au "yawezekana". Kulikuwa na alama ya tatu, "nimesimuliwa". Nimeifuta. Rafiki zangu wakishajua nina mradi wa namna hii, kila mmoja ana binamu aliyeona Lamborghini.

Machi

Nissan Figaro, rangi ya kijani iliyopauka, kwenye maegesho ya zahanati. Hakika.

Hili ni gari ambalo hata asiyejua magari husimama. Taa za mbele za duara, bampa jembamba, shoo (wavu wa mbele) inayong'aa, sehemu ya juu nyeupe, viti vya ngozi ya rangi ya maziwa. Kila kitu kinasema miaka ya 1950. Lakini ni la mwaka 1991, na chini ya nguo hizo kuna Nissan March, injini ya cc 987 yenye tabo na giaboksi otomatiki ya gia tatu.

Nilikuwa na muda, nikalizunguka taratibu bila kuligusa. Paa lake nimelipenda kuliko vyote. Halikunjwi lote kama la gari la wazi la kawaida: fremu za juu ya milango zinabaki, kinachorudi nyuma ni turubai ya katikati pamoja na kioo cha nyuma, vyote vikaingia kwenye kisanduku chao. Kwa hiyo hata likiwa wazi, ukilitazama ubavuni lina umbo lilelile. Swichi za dashibodi zina rangi ileile ya viti, na redio imefichwa kwa sura ya redio ya zamani. Mwenye gari alikuwa amebandika kikapu cha plastiki kiti cha nyuma, na hapo ndipo utakapojua kwamba kiti hicho si cha binadamu mwenye miguu.

Zilitengenezwa 20,000 hivi. Nissan ilipanga 8,000 tu, watu wakawa wengi kuliko magari, ikaongeza, na bado wanunuzi wakapatikana kwa bahati nasibu. Rangi zilikuwa nne tu kutoka kiwandani, kila moja kwa msimu wake: kijani, buluu iliyopauka, kahawia ya mchanga na kijivu. Ukiona Figaro nyekundu au ya waridi, imepakwa baadaye. Ndugu zake watatu wa mradi uleule wa Nissan wa magari yenye sura ya zamani ni Be-1 ya 1987, Pao ya 1989 na S-Cargo, kigari cha mizigo chenye mgongo wa konokono. Nimewaandika ukurasa wa nyuma wa daftari kama wanaosubiriwa.

Kundi: adimu kwa kuzaliwa. Ingawa niseme ukweli, kwa Uingereza ningesita, maana huko zimenunuliwa kutoka Japani nyingi hadi Figaro ni gari la mtaani kabisa.

Aprili

Renault 4. Rangi ya bluu iliyofubaa na jua, mlango mmoja umetoka gari jingine, nyuma kumejaa mabomba ya maji. Gari la kazi.

Renault 4 ilianza 1961 na zikatoka zaidi ya milioni 8. Nambari kama hiyo ukiipeleka kwa wanaokusanya magari watakucheka. Lakini kwenye njia zangu hii ndiyo ya kwanza tangu nianze, na mkweche wowote unaoendeshwa hadi leo kwa kubeba mabomba unastahili ukurasa wake.

Nilikuwa nimechutama kati ya magurudumu, natazama upande huu, nazunguka, natazama upande ule, mwenye gari akatokea.

"Unatafuta nini huko chini, kijana?"

"Shikamoo mzee. Natazama gurudumu la nyuma."

"Marahaba. La upande upi?"

Hapo nikajua kwamba anajua. Renault 4 ina urefu tofauti kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kutegemea umesimama upande gani. Gurudumu la nyuma la kulia limekaa nyuma zaidi ya mwenzake wa kushoto kwa milimita 48. Watu wanapoliona kwa mara ya kwanza hudhani gari limegongwa. Sababu iko chini ya sakafu: badala ya springi za mviringo, kila gurudumu la nyuma linashikwa na fito ya chuma inayojisokota, na fito hiyo inavuka upana mzima wa gari kwenda kushikiliwa ng'ambo ya pili. Fito mbili haziwezi kupita mahali pamoja, basi moja ikawekwa nyuma ya nyingine, na magurudumu yakafuata fito zao. Wahandisi wangeweza kuhangaika kulisawazisha. Waliacha vilevile, wakapata sakafu tambarare ya kupakia mizigo, na gari likaenda sawa miaka yote.

Mzee akanifungulia mlango nione kirungu cha gia kinavyotokeza kwenye dashibodi, unakivuta na kukisukuma kama unayefungua droo iliyokwama. Akaniambia mabomba yanafika mpaka kwenye kioo cha mbele akitoa kiti cha abiria. Sikumuuliza gari lina umri gani. Aliniambia mwenyewe, na kwa heshima yake nimeandika "yawezekana".

Mei

Mwezi huu nimeutumia kufundisha jicho. Gari likikupita kwa kasi ya barabarani una nafasi ya kuona kitu kimoja, labda viwili. Ukitaka kuona gari zima hutaona kitu. Hivyo najizoeza kuchagua cha kuangalia.

Taa za nyuma usiku ndizo rahisi, kwa kuwa kila kampuni ina sahihi yake: duara nne za Skyline huzikosei hata kwenye mvua. Lakini mchana nimeanza kutazama vitu vinavyoonyesha gari lilizaliwa kwa ajili ya soko gani. Vitaa vidogo vya pembeni, rangi ya chungwa mbele na nyekundu nyuma, ni alama ya Marekani. Vililazimishwa huko kwa magari ya kuanzia 1968. Indiketa nyekundu nyuma, Marekani tena, karibu kila mara. Taa ya tatu ya breki katikati, Marekani iliilazimisha kwa magari madogo ya mwaka wa modeli 1986, wengine wakafuata baadaye. Vioo vya kutazama nyuma vikiwa vimesimama mbele juu ya madigadi, hiyo ni Japani: hadi 1983 vioo vya mlangoni havikuruhusiwa huko. Teksi na magari ya wakubwa kama Toyota Century yaliendelea navyo muda mrefu baada ya hapo, kwa mazoea na kwa adabu, kwa kuwa dereva anatazama kioo bila kumgeukia abiria.

Kisha kuna magari yanayojificha. Haya ndiyo yanayonifanya nipende kazi hii. Gari limekaa kimya kati ya magari ya ofisini, rangi nyeusi au bluu, hakuna aliyeligeukia, na ndani yake kuna shetani.

Mfano niliouandika mwezi huu: Audi ya stesheni wagoni ya miaka ya 1990, aina ya kubebea mbwa na baiskeli za watoto. Nilikuwa tayari nimeshalipita. Kilichonirudisha ni vioo vya pembeni. Audi 80 ina vioo vyenye kona. Hivi vilikuwa vya mviringo, vya Porsche 911. Kutazama rimu, za Porsche. Kutazama kalipa za breki nyekundu ndani ya rimu, zimeandikwa Porsche. Basi ni RS2 Avant, iliyotengenezwa 1994 na 1995 kwa ushirikiano wa kampuni hizo mbili, chini ya 3,000 zote kwa pamoja, nguvu za farasi 315 kwenye gari lenye waipa ya nyuma. Hakika, tena kwa wino.

Wa ukoo huo ni Mercedes-Benz 500E ya mwaka 1990 hadi 1995. Kwa mbali ni W124 ya kawaida, ile ile iliyobeba mabalozi na madereva teksi wa dunia nzima. Angalia madigadi: yamevimba kidogo tu, kama mtu aliyevuta pumzi. Uvimbe huo ulilifanya gari liwe pana mno kwa mstari wa uzalishaji wa Mercedes, kazi ikapewa Porsche, bodi zikawa zinasafirishwa kwenda na kurudi kati ya viwanda vya Sindelfingen na Zuffenhausen. Zilitoka 10,000 na kitu. Sijaliona bado. Nimeshatazama madigadi ya W124 nyingi kiasi cha kuwatia wasiwasi wenye nazo.

Juni

Matapeli. Mwezi huu sehemu kubwa ya kazi imekuwa kufuta.

Herufi za chuma zinazobandikwa kwenye buti zinauzwa kwa yeyote, kwa hiyo herufi si ushahidi. Gari lenye "GT-R" nyuma linaweza kuwa Skyline ya kawaida yenye ndoto. Kinachodanganya kwa shida ni umbo la bodi: kwenye GT-R ya kweli ya kizazi cha R32 madigadi ni mapana, na shoo yake ni tofauti. Kwa uhakika kabisa ni namba ya chesi. Magari ya soko la Japani hayatumii namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yana msimbo wa modeli na namba ya mfululizo, na GT-R R32 huanza na BNR32. Ikianza na HCR32, pole. Magari ya Ulaya na Marekani ya kuanzia miaka ya 1980 yana ile ya 17, ambamo herufi I, O na Q hazitumiki kamwe kwa kuwa zinafanana na 1 na 0. Ukiona O katikati ya namba, kuna mtu amebuni. Herufi ya kwanza inataja nchi: J Japani, W Ujerumani, Z Italia, S Uingereza, VF kwa Ufaransa.

Ila nimejiwekea mpaka. Namba ya chesi ya mtu siinakili na sifungui boneti ya mtu. Mwenyewe akinionyesha, naangalia herufi za mwanzo, basi.

AC Cobra nimeifuta moja kwa moja kwenye orodha ya wanaosubiriwa. Za kweli za miaka ya 1960 ni kama elfu moja, na zilizoigizwa baadaye ni nyingi kupita kiasi. Nikiiona moja kwenye foleni, uwezekano kwamba ni ya asili ni mdogo kiasi kwamba hata alama ya "yawezekana" ni zawadi.

Halafu kuna Mitsuoka Viewt. Mwaka 1993 kampuni hii ya Japani ilianza kuchukua Nissan March na kuivisha uso wa Jaguar Mark 2. Haimdanganyi mtu, haijawahi kusema ni Jaguar. Nilibishana nafsini kama niiweke kwenye ukurasa wa matapeli, nikaona si haki. Ni gari halali, lina jina lake na limetengenezwa kwa mkono kwa sehemu kubwa. Liko kwenye adimu kwa kuzaliwa, na nyuma yake, kwenye milango, utaona March imechungulia.

Julai

Hamna kitu. Magari mengi, adimu hakuna.

Agosti

Kanuni za picha, baada ya mlinzi wa maegesho kunijia.

"Bosi, hapa hakupigwi picha."

"Sawa kaka, nafuta."

Nikafuta mbele yake, tukaagana vizuri. Lakini alinifanya niandike rasmi mambo niliyokuwa nikiyafanya kwa kubahatisha. Namba ya gari inafunikwa kabla picha haijaenda popote. Sura za watu hazionekani, watoto ndio kabisa. Mahali sipaandiki kwa jina, kwenye daftari langu kuna "maegesho" au "foleni" tu. Hilo la mahali lina sababu ya wazi: mwenye gari adimu ana mali ambayo mwizi akijua inalala wapi, nusu ya kazi yake imekwisha. Spea za magari haya zinatafutwa kuliko gari lenyewe; rimu nne za RS2 zinatosha kumtoa mtu kitandani usiku wa manane.

Nikiwa nyuma ya usukani sipigi picha. Gari likipita linapita. Naandika nikishafika, na kama kumbukumbu imefifia linapata "yawezekana". Silisogelei gari kiasi cha kuegemea, na sikimbizani na gari barabarani ili nilione vizuri. Huko ni kulifuata, na sharti la Januari liko palepale.

Septemba

Mwezi mzuri. Mawili, yote ya hakika, na la pili nitaliandika kwa kirefu.

La kwanza Toyota Sera, la 1990 hadi 1995 hivi, chini ya 16,000. Sehemu yote ya juu ni kioo, hata milango imekatwa hadi juu ya kichwa cha dereva, na inafunguka kwenda mbele na juu. Gordon Murray, aliyebuni McLaren F1, alieleza kwamba milango ya gari lake ilitokana na kuiona Sera. Gari la ndoto la dunia nzima limejifunza kufungua mlango kwa kigari cha lita 1.5. Mwenyewe alinifungulia bila kuombwa. Nadhani ndiyo adhabu ya kumiliki Sera, kufungua mlango kila unaposimama.

La pili ni Citroën BX, nyeupe, kwenye kituo cha mafuta.

BX ilitengenezwa 1982 hadi 1994, zaidi ya milioni 2. Kwa Ulaya ya wakati huo lilikuwa gari la mwalimu, la muuza bima, la baba wa watoto watatu. Hakuna aliyelibandika ukutani. Lakini ukifuatilia aliyelichora unamkuta Marcello Gandini wa Bertone, studio ya Italia ya kuchora magari, mtu yuleyule wa Lamborghini Miura na Countach. Countach zilitoka karibu 2,000 kwa miaka yote. Hesabu ya barabarani imegeuka kichekesho: Countach zimehifadhiwa, zinaletwa kwenye maonyesho kwa malori, na BX, mara elfu moja kwa wingi, limeyeyuka.

Ukishajua, mistari ya Gandini unaiona. Ubavu umekatwa kwa rula, matao ya magurudumu ya nyuma yamefunika sehemu ya tairi, waipa moja ndefu kwenye kioo cha mbele. Boneti ni ya plastiki, ndiyo maana hiyo niliyoiona ilikuwa na kutu kila mahali ila hapo.

Gari lilikuwa limelala chini, tumbo karibu na lami. Mama mmoja akatoka kulipia, akaketi, akawasha injini, lakini hakuondoka. Nikampungia mkono kumsalimu, akateremsha kioo. "Subiri kidogo mwanangu, bado halijaamka."

Likaanza kupanda. Pole pole, bila kutikisika, hadi likafika urefu wake. Halina springi za chuma. Kila gurudumu lina tufe la chuma lenye naitrojeni upande mmoja wa utando na majimaji ya kijani upande wa pili. Pampu inayozungushwa na injini inajaza shinikizo, majimaji yanasukuma, gesi inabonyea na kurudi, na hiyo ndiyo springi. Injini ikizimwa muda mrefu shinikizo linavuja taratibu na gari linakaa chini. Kuna wenzo ndani wa kuchagua urefu, hata wa kulinyanyua juu kabisa ili ubadilishe tairi. Mfumo huo Citroën iliuanza kwa ukamilifu kwenye DS ya 1955, gari la wakubwa. GS ya 1970 ndiyo iliyoupeleka kwa watu wa kawaida, BX likaurithi, na nadhani mfumo huo ndio uliolimaliza pia. Mnunuzi wa pili alilielewa. Wa nne hakumpata fundi, tufe likapasuka utando, gari likawa gumu kama mkokoteni, likapelekwa kwa wauza chuma likiwa na injini nzima.

Mama alisema anajaza gesi matufe kwa fundi aliyemrithi kutoka kwa marehemu mumewe. Akaweka gia, akaondoka, na gari likainamisha pua kidogo tu kwenye tuta, kisha likaendelea kana kwamba tuta halikuwepo.

Kundi: adimu kwa kufa. Ingizo bora la mwaka mpaka sasa, na RS2 inisamehe.

Oktoba

Nimeongeza kundi la nne, adimu kwa hali. Limetokana na Nissan Silvia S13 niliyoikuta ikiwa kama ilivyotoka kiwandani: rimu zake, urefu wake, bampa lake, hata vifuniko vya plastiki vya skrubu vipo. Silvia zenyewe si chache. Lakini kwa kuwa ni nyepesi na zinaendeshwa na magurudumu ya nyuma, vijana wa kuteleza na magari wamezikata, wamezishusha, wamezigonga kuta na kuzirudisha tena kwenye kuta. Toyota Corolla AE86 ya 1983 hadi 1987 imepata balaa hilohilo. Kuikuta iliyoachwa kama ilivyo ni kazi kuliko kukuta Figaro.

Nimeanza pia ukurasa wa kubashiri: yapi ya leo yatakuwa adimu kwa kufa? Injini sizihofii sana, fundi mzuri atatengeneza injini. Nahofia taa. Taa moja ya nyuma ya plastiki ya gari lililouzwa kwa miaka miwili tu, ikivunjika na kiwanda hakitengenezi tena, gari zima linasimama. Renault Avantime, ile ya milango miwili mirefu isiyo na nguzo katikati, ilitoka 8,557 kati ya 2001 na 2003, na kila mwenye nayo anaishi kwa kuhesabu spea. Naweka dau pia kwa Honda Insight ya kwanza, ya 1999 hadi 2006: bodi ya alumini, magurudumu ya nyuma yamefunikwa, mseto wa petroli na umeme, kama 17,000 tu duniani. Na magari ya sasa yenye skrini moja inayoendesha hata feni ya hewa, sijui yatazeekaje. Programu haishonewi kiraka na fundi wa mtaani.

Novemba

Hali ya daftari: kundi la waliokufa limejaa kuliko yote, ndivyo nilivyotarajia. Kundi la mahali nimeanza kulipunguza, kwa kuwa mengi niliyoyaweka humo yameanza kuingia kwa wingi. Ukurasa wa 500E bado mtupu. S-Cargo haijajitokeza, Pao niliiona kwa mbali ikivutwa na lori, "yawezekana".

Linalonikosesha raha ni moja lililofunikwa turubai kwenye njia ninayopita kila siku. Kimo chake kinanifika kiunoni. Turubai limepanda nyuma kiasi cha kuonyesha bampa na taa moja, na kwa juu umbo linaonyesha vioo vya paa vya milango inayofunguka kama mbawa. Kwa udogo huo na milango hiyo, ni Autozam AZ-1 ya 1992 hadi 1994, injini ya cc 660 nyuma ya viti, gari la aina ndogo kabisa inayotambuliwa na sheria za Japani. Zilitoka kama 4,400. Tatizo ni kwamba Suzuki, aliyetoa injini yake, aliuza gari hilohilo kwa jina la Cara, na hizo zilikuwa mia tano na kidogo tu. Kwa nyuma ni pacha. Tofauti iko mbele: nembo, na bampa lenye taa za ukungu.

Turubai limefungwa kamba upande wa mbele. Simgusii mtu turubai lake. Nimeliandika "AZ-1 au Cara, yawezekana", na nimeacha nusu ukurasa.